Nta ya Zamani

Mimi ni karani hapa Takaba, na gari langu dogo nililinunua kwa akiba ya miaka minne. Nikihofia jua na vumbi, nilinunua dawa ya kukinga rangi, nikaipaka juu ya nta ya zamani. Haikupita miezi miwili, ikatoka mabaka mabaka.

Fundi mmoja mzee akaniambia: “Mwanangu, dawa yako haikushika rangi. Ilishika nta, na nta ilipotoka iliondoka nayo.”

Basi nilianza upya. Nilimwagia gari maji kivulini ili mchanga usikwaruze rangi, nikaliosha kwa sabuni. Lilipokauka, nikalipangusa kwa kitambaa laini chenye spiriti iliyozimuliwa kwa maji. Mwisho nikalinyunyizia maji: yalipotandaa pasipo kufanya matone, nikajua nta imekwisha, ndipo nikapaka dawa.

Kilichonichoma si fedha tu. Nilitumia maji mara mbili, na wakati wa kiangazi jirani zangu hupanga foleni kwa dumu moja. Ndugu zangu, kazi iliyoharakishwa hulipiwa mara mbili, na pengine mwenye kulipa ni jirani.