Kuitayarisha Safari ya Nchi ya Theluji

Twaomba ruhusa kuwasimulia habari za safari ambayo bado hatujaifanya. Aliyekwisha kusafiri husimulia apendavyo, wala hapana wa kumsahihisha. Bali safari iliyo katika kutayarishwa haina pa kujificha, maana hesabu yake yote iko juu ya meza.

Sisi ni waalimu wawili, mume na mke, wakazi wa Ifakara, watu wa miaka thelathini na zaidi. Sote tulilelewa katika shule za misheni. Mwaka jana alitufikia mwalimu mmoja mwanamke kutoka Luzern, katika nchi ya Uswisi, akakaa nasi majuma matatu, akala wali na perege, akaumwa na mbu kama sote. Alipokuwa akiaga alisema, "Njoni nanyi mwone kwetu wakati wa theluji." Maneno ya kuagana aghalabu hayana uzito, nasi tukacheka. Baada ya miezi miwili ikaja barua ya mwaliko, yenye sahihi yake na ahadi ya chumba na chakula. Hapo tukaacha kucheka.

Mtu wa Ifakara hawezi kusema kwamba Uswisi ni nchi ngeni kwake. Mapadre Wakapuchini na Masista wa Baldegg walianza kuja kutoka huko mwaka 1921. Mwaka 1949 alifika Profesa Rudolf Geigy wa mji wa Basel, na mwaka 1957 ikajengwa hapa maabara ndogo ya kuchunguza maradhi, ambayo siku hizi ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mama yetu, akaaye Lupiro ng'ambo ya mto, alizalishwa na masista hospitalini, na huitaja Uswisi kama mtu atajavyo kijiji cha jirani. Lakini njia hiyo imekanyagwa zaidi na wajao kuliko waendao. Watu wa bonde hili waliokwenda huko, wengi wao walikwenda kusoma au kwa kazi. Kwenda kutembea tu, kwa likizo, ni neno ambalo majirani hawakulisadiki. "Mnakwenda kusoma nini?" "Hatuendi kusoma." "Basi nani anaumwa?"

Jambo la kwanza lililotushughulisha ni majira. Likizo yetu ndefu huanza Desemba na kwisha mapema Januari, nasi tukadhani hiyo ndiyo saa yenyewe ya theluji. Rafiki yetu alipoambiwa alitujibu kwa upole kwamba katika nchi ya chini, kama Luzern, Desemba mara nyingi huleta mvua na ukungu tu, na Krismasi nyeupe huko si ya kila mwaka; atakaye theluji ya hakika apande milimani. Akaongeza kuwa ukungu ukilala bondeni siku nyingi, watu hupanda gari moshi la mlima Rigi, lililoanza kazi mwaka 1871, wakafika juu kwenye jua, na chini yao huona ukungu umetanda kama bahari. Habari hiyo tuliielewa mara moja. Nani katika sisi hajapata kusimama kwenye miteremko ya Udzungwa alfajiri, akaliona bonde la Kilombero lote limefunikwa jeupe, vilele vya miembe tu vikichomoza?

Mmoja wetu, mama wa watoto, hufundisha jiografia. Kwa miaka kumi na mmoja amewachorea wanafunzi theluji kwa chaki nyeupe, na theluji aliyopata kuigusa ni ile ya ndani ya friji. Kilele cha Rigi kina mita 1,798 tu, na Luhombero, kilele kirefu cha Udzungwa, chapita mita 2,500. Mbona cha kwao kina theluji na chetu hakina? Jibu analijua na hulifundisha vema: jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima, la kwao wakati wa baridi hukaa chini, likachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Katika nchi yetu barafu ya daima hupatikana Kilimanjaro peke yake, na hiyo nayo yapungua. Lakini mwaka jana mtoto wa darasa la sita alimwuliza, "Mwalimu, theluji ikianguka hulia kama mvua?" Akanyamaza. Alisema baadaye nyumbani kwamba ni aibu kufundisha kitu miaka kumi na mmoja na usijue kama kina sauti.

Basi tukaanza kukusanya nguo. Hapa twashukuru mitumba. Mabelo yafikayo sokoni kwetu hutoka nchi za baridi, na ndani yake mna makoti mazito ambayo hapa hayana mnunuzi ila vijana wa bodaboda, wayavaao alfajiri, mbele nyuma, kuukinga upepo. Tulipata koti moja la manyoya ya bata ndani kwa bei ya mashati mawili. Soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio na glavu tulipata pia. Viatu ndivyo vilivyotushinda, kwani kiatu cha theluji hutaka kiwe kipana kidogo, chenye nyayo za kushika, kisichopenya maji. Rafiki yetu amesema ataazima kwa dada yake. Alitufundisha pia kwamba nguo tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, hushinda moja nzito, na kwamba anayetoka jasho kisha akasimama ndiye anayeumwa. Kuhusu kuteleza kwa mbao miguuni tumekataa mapema. Bima nyingine hazilipi ajali ya mchezo huo, nasi kazi yetu ni ya kusimama.

Tena huko mlimani theluji huporomoka na kuua watu, kwa hiyo taasisi moja iliyoko Davos hutoa tangazo kila jioni wakati wa baridi, ikiitaja hatari kwa ngazi tano, nao watu husoma kabla ya kutoka. Tulipoyasoma hayo tuliwakumbuka wavuvi wa Kindamba, wautazamao mto mwezi wa Machi kabla ya kuushusha mtumbwi majini.

Sasa tuje kwenye viza, ambayo ndiyo mlango wa safari. Maombi hupelekwa si zaidi ya miezi sita kabla ya kuondoka, na si chini ya siku kumi na tano. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Yatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na mwombaji wa mara ya kwanza hana budi kwenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Kutoka kwetu ni basi hadi Morogoro kwa njia ya Mikumi, kisha gari moshi la umeme hadi Dar es Salaam. Haya yote ni gharama na uchovu tu. Lililo zito ni kuthibitisha kwamba utarudi. Watakiwa kuonyesha barua ya mwajiri, taarifa za benki, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Tulipomweleza mama, alituuliza, "Wale masista walipofika hapa, nani aliwauliza siku ya kurudi? Mbona wengine tumewazika sisi?" Twajua kila nyumba ina mlango wake, na mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo. Hata hivyo hatukuwa na jibu la kumpa.

Mama hakuuliza hilo tu. Alituketisha juu ya mkeka, akauliza mpunga ni magunia mangapi. Tulivuna kumi na manne. Sita ni chakula chetu na chake mpaka mavuno mengine, yakibaki manane. Na hapa, wasomaji, ndipo mpango wetu ulipokwama. Mpunga wakati wa mavuno huwa rahisi, na Januari hupanda. Tiketi ya ndege kinyume chake, hununuliwa kwa nafuu mapema, na Desemba huwa ghali. Anayetaka kusafiri Desemba hana budi kuuza mpunga wakati usiofaa. Tulipiga hesabu usiku tatu. Magunia manane, yakiuzwa sasa, pamoja na akiba yetu, yatoa tiketi moja, ada na bima. Ya pili haitoki ila tukigusa yale sita, na mtu aliyekulia bondeni haihesabu miezi ya Februari na Machi kwa mzaha, mto unapojaa na ghala kubaki vumbi.

Kisha Desemba ndiyo mwanzo wa kilimo. Mvua za kwanza zikinyesha, shamba la Lupiro hutaka mtu, na miguu ya mama si ile ya zamani.

Mmoja wetu alisema tungoje mwaka ujao, twende sote. Mwingine akauliza ni mwaka upi ambao mvua, mpunga na watoto watakubaliana. Tulikasirikiana kidogo, hatufichi. Mwisho mama ndiye aliyekata neno. "Aende yule anayefundisha. Huyu mwingine atabaki kupanda nami." Mwenye kubaki naye ni mwalimu pia, lakini wa hesabu, na hesabu ilikwisha kusema hayohayo.

Kwa hiyo atakwenda mama wa watoto, siku kumi na sita, naye amepewa na darasa lake daftari zima la maswali, la kwanza likiwa lile la sauti. Mwenye kubaki amejifunza kusuka nywele za binti yetu mdogo, kazi ambayo bado haijampendeza binti.

Jumamosi tunapeleka magunia manane kwa mnunuzi, na juma lijalo ni safari ya Dar es Salaam. Koti tumelifua, limetundikwa uani siku ya tatu sasa, kwani manyoya hayakauki upesi. Jirani yetu wa bodaboda hulitazama kila apitapo. Jana alisimama akauliza kama, viza ikikataliwa, tutamwuzia. Tumemwambia angoje.