Herufi za Ramani

Fundi wa Mtae haisomi ramani ya nyumba kwenye kompyuta. Anaisoma kwenye karatasi, upepo wa ukingoni ukiivuta, tambarare za Mkomazi zikiwa chini kabisa. Ndiyo maana mdogo wangu, mchoraji, hupanga mtindo wa maandishi kabla hata ya kuchora kuta.

Kwenye AutoCAD nyumba huchorwa kwa ukubwa wake halisi, hupunguzwa wakati wa kuchapa. Kwa skeli ya 1:100, herufi ya milimita 2.5 karatasini lazima iwe milimita 250 kwenye mchoro. Ukiisahau hesabu hiyo, neno linatoka kama vumbi. Na kompyuta ya steshenari ikikosa fonti uliyotumia, inaweka nyingine. Maneno yanaweza kutanuka yakafunika vipimo.

Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo fonti yoyote ya Kilatini inakitosha. Bado ramani zetu nyingi huandikwa Kiingereza. Hii aliiandika Kiswahili: jiko, stoo, msingi wa mawe. Fundi akaisoma yote kwa sauti, kisha akauliza:

“Mbona huu ukuta wa kuzuia udongo ni mfupi, mwanangu?”

Wakashuka kwenye mteremko kupima upya.