Mke Mwenza Wangu Ana Turbo

Shosti, kama mumeo anapenda mpira, mshukuru Mungu. Mpira una dakika tisini tu. Wangu anapenda gari, tena wala si la kifahari: Toyota Starlet Glanza V, kale kagari ambako mjini watu wanaweza kukaita "bebi woka" bila kujua ndani kuna nini.

Nilipoolewa ilibidi nilisome hilo gari kama unavyomsoma wifi. Mtindo wa kutia injini kali kwenye kigari cha kwendea sokoni ulishika moto Ulaya baada ya Volkswagen kuanza kuuza Golf GTI mwaka 1976. Toyota nao walikuwa na Starlet, jina lililokuwepo tangu 1973. Mwaka 1986 wakaitia turbo, miaka ya 1990 ilipoanza ikaja GT Turbo, na mwaka 1996 Glanza V. Injini yake ni cc 1,331 tu, lakini inatoa nguvu za farasi 135, na gari zima halifiki tani moja. Mwaka 1999 Starlet ikastaafu, Vitz ikachukua nafasi. Jina lilirudi Afrika mwaka 2020, ila hiyo mpya ni Suzuki Baleno yenye nembo ya Toyota. Mwambie mume wangu kuwa hizo ni ndugu, uone kama atakula.

Sasa twende ukweni, Kyela. Ukishaipita Tukuyu ni kushuka tu, kona baada ya kona, chai na migomba pembeni, mpaka joto la Ziwa Nyasa likupokee. Na mvua ya huko unaijua. Hapo ndipo turbo inapiga mluzi na baba mwenye nyumba anatabasamu peke yake.

Safari moja nilikuwa na mimba ya miezi sita. Akaliovateki lori karibu na kona, lami imelowa. Sikusema kitu mpaka tulipofika Ipinda.

"Mimi na mtoto tunarudi na basi," nikamwambia.

Nilitegemea ugomvi. Badala yake akakaa chini ya mwembe, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alisomeshwa kwa mpunga wa mama yake na michango ya wajomba, na kila shilingi alikumbushwa. Hilo gari ndilo kitu cha kwanza alichonunua bila kumpigia mtu magoti.

Mama mkwe, anapepeta mchele pembeni, akasema bila hata kutuangalia, "Wanangu, gari halina mimba."

Tukacheka, halafu tukaongea kikubwa. Kwenye dashibodi ya Glanza kuna swichi inayopunguza msukumo wa turbo. Haiizimi, inaipunguzia pumzi tu. Tukakubaliana: nikiwa ndani, au mtoto akiwa ndani, swichi iko chini na hakuna kuovateki kwenye kona. Akiwa peke yake anaibonyeza atakavyo, ila kona ni zilezile na nyumbani anasubiriwa.

Sikumwambia auze, naye hakuniambia nizoee. Basi na wewe, kabla hujamwambia mwenzio achague kati yako na kile anachokipenda, muulize kwanza kilimgharimu nini. Halafu mwambie wazi kinachokutisha. Pengine swichi ipo, ila hakuna aliyewahi kuitafuta.