Nilimwambia "Picha Kali"

Alhamisi moja mwaka jana, zimebaki siku mbili mahafali yafike, jamaa wa chumba cha jirani alinikuta mlangoni nikikimbilia test. Nitamwita Jirani tu, maana hajaniruhusu kutaja jina lake, na mwenyewe akisoma hapa atajijua. Alikuwa amekodi kamera ya mtu ajizoeze, akazunguka chuo mchana kutwa akiwapiga wenzetu picha. "Mwanangu, hebu cheki hizi. Niambie ukweli."

Nikazipitisha kwenye kioo cha kamera haraka haraka, kama mtu anayehesabu noti. Zilikuwa kama ishirini. Nikampiga begani: "Kali sana! Umeua." Nikaenda zangu.

Sasa, nilikuwa nimeona. Nilipomaliza kidato cha sita nilishinda miezi mingi kwenye studio ya mjomba, tunapiga pasipoti na picha za vitambulisho, na kitu cha kwanza mjomba alichonifundisha ni kutazama macho kabla sijatazama chochote kingine. Kwenye zile picha za Jirani macho hayakuwepo. Alikuwa amewasimamisha watu juani saa sita na nusu mchana, jua liko utosini, na kila uso ulikuwa na mashimo mawili meusi chini ya nyusi. Mbili tatu hivi fokasi ilikuwa imekamata kola ya shati, uso ukabaki na ukungu. Yote hayo niliyaona. Nikasema kali, kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu "kali" ndiyo salamu yetu hapa chuoni. Ukisema kitu kingine unaonekana una roho mbaya.

Jumamosi Jirani akapiga kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Dada mmoja anahitimu, wazazi wake wamesafiri na basi kutoka Kigoma. Mama mtu amevaa kitenge kipya, shada mkononi, na ni mara yake ya kwanza kukanyaga chuo. Walikubaliana elfu thelathini. Jirani akawapanga juani mbele ya bango, saa saba. Nadhani unajua zilivyotoka. Shada la maua lilionekana mpaka vumbi lake. Mama hakuwa na macho.

Yule dada hakugombana. Aliomba tu arudishiwe hela, na akauliza kama kuna namna yoyote ya kuyarudisha macho ya mama yake. Hakukuwa na namna. Jirani alijaribu programu zote kwenye simu, akazidi kuharibu: mama akawa wa kijivu kama majivu. Na wazazi walishapanda basi. Jirani alikuja chumbani usiku, akakaa kitandani kwangu, hata hakuwa na hasira. Alisema, "Lakini wewe ulisema kali."

Nilichangia elfu kumi na tano kwenye boom langu arudishe ile hela. Niliona ni haki yangu kulipa nusu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mimi nasomea ualimu. Kazi ambayo nitalipwa kuifanya, Mungu akipenda na ajira zikitoka, ni kutazama kitu alichofanya mtu na kumwambia afanye nini kifuate. Muhula uleule tulikuwa tunasoma jaribio la Ruth Butler la mwaka 1988: wanafunzi wengine walipewa alama peke yake, wengine maoni peke yake, wengine alama na maoni kwa pamoja. Waliosonga mbele ni wale wa maoni peke yake. Waliopewa vyote viwili, maoni hayakuwafaa kitu. Kana kwamba wakishaona alama masikio yanaziba. Niliijibu hiyo kwenye mtihani, nikapata. Halafu nikamwambia mtu "kali sana", ambayo ni alama tupu, tena ya uongo.

Na nilikuwa nimeshaonja uchungu wake. Kwenye mazoezi ya kufundisha ya mwaka wa kwanza, mhadhiri aliyekuja kunitathmini alikaa nyuma ya darasa la kidato cha pili dakika kama ishirini, akajaza fomu, akaandika "Vizuri. Ongeza juhudi," akapanda gari kwenda shule nyingine. Niongeze juhudi wapi? Kwenye sauti, kwenye ubao, kwenye andalio la somo? Nilirudia makosa yaleyale wiki tano zilizobaki, kwa juhudi kubwa zaidi.

Basi baada ya lile balaa la mahafali tukaanza kukaa vimbweta vya nyuma ya maktaba, Jumamosi asubuhi, watano sita tunaopenda picha za watu. Wengi wana simu tu. Kila mtu analeta picha moja. Nikajiapiza kwamba safari hii nitasema ukweli wote.

Nikasema ukweli wote, nikamfukuza mtu.

Alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, amekuja na picha ya bibi yake akiwa jikoni anachambua mchele kwenye ungo. Nikaanza: picha imetikisika, giza limezidi, nyuma kuna ndoo ya njano inavuta jicho, umekata kichwa, fremu imelala, bibi hatazami kamera. Nilihesabu baadaye, nilitaja makosa kumi na moja. Yote yalikuwa ya kweli. Akasema "asante kaka," akaweka simu kwenye mkoba, na Jumamosi tatu hatukumwona.

Jirani ndiye aliyenisema, tena kwa ukali. "Wewe ulimuuliza alikuwa anatafuta nini?" Sikuwa nimemuuliza. Nilipompata nikamuuliza, akaniambia alikuwa anatafuta mikono. Bibi yake anachambua mchele bila kutazama, vidole vinajua vyenyewe jiwe liko wapi, na alitaka hicho kionekane. Nikaiangalia picha upya. Kweli mikono ilikuwepo, ilikuwa ndiyo picha yenyewe, na mimi nilikuwa nimehangaika na ndoo. Alihitaji kuambiwa kitu kimoja tu: mwambie bibi asogeze kigoda karibu na mlango. Mwanga ukiongezeka, kamera inafungua na kufunga haraka, ule mtikisiko unaondoka wenyewe. Makosa yangu matatu au manne yalikuwa kosa moja, na dawa yake ni kigoda.

Tangu hapo nauliza kwanza: ulitaka tuone nini? Wengine hawana jibu, na hilo nalo ni jibu.

Kuna mengine nimejifunza kwa aibu. Usiikosoe picha mbele ya aliyepigwa. Siku moja nilimwambia jamaa, "Hapa pua imekuwa kubwa," nikimaanisha amesogeza simu karibu mno, maana ukimpiga mtu kwa simu kutoka umbali wa mkono, kilicho mbele kinavimba na masikio yanajificha. Rudi nyuma hatua mbili, kisha zumu kidogo, uso unarudi kuwa uso. Maelezo mazuri kabisa. Ila mwenye pua alikuwa amekaa kimbweta cha pili. Mpaka leo tukipishana kwenye foleni ya chakula anashika pua yake kwanza ndiyo ananisalimia.

Siku hizi nasema ninachokiona, simsemi mtu. "Macho yake sijayaona" inabeba ujumbe uleule wa "hujui kupiga", ila ya kwanza inampa mtu kitu cha kwenda kufanya. Na nikishasema natafuta jaribio la papo hapo. Kama ni jua, tunainuka wote. Mmoja anasimama katikati ya jua, anapigwa, halafu anasogea barazani hatua mbili ndani ya kivuli, uso umeelekea nje kwenye uwazi, anapigwa tena. Hapo sihitaji kuongea. Kwenye picha ya pili kuna nukta ndogo nyeupe ndani ya kila jicho, ule mng'ao wa anga, na mtu anaonekana yuko hai. Nimeona watu wakilitazama hilo wakasema "aaah!" kwa sauti ambayo sijawahi kuipata darasani.

Suala la ngozi ndilo linalotuchukua muda mrefu kuliko yote, na nadhani ndivyo inavyopaswa. Kamera haijui iko mbele ya nani. Inapima mwanga ikidhani kila kitu duniani, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Mtu mweusi akivaa shati jeupe au kanzu, kamera inaogopa ule weupe, inapunguza mwanga, uso unazama. Akivaa joho jeusi na ukuta nyuma ni mweusi, inafanya kinyume: inaongeza mwanga mpaka uso unapauka na kola inaungua. Dawa ni rahisi, gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha pandisha au shusha mwanga kwa kidole mpaka ngozi ifanane na ngozi. Lakini si kamera tu. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wakisambaza kwa maabara kadi ya kusawazishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, wakaiita Shirley, na kwa miongo mingi rangi ya ngozi iliyo "sahihi" ilikuwa ya huyo. Leo hatuna kadi hiyo, tuna programu za urembo kwenye simu zinazotung'arisha bila kuombwa.

Hapo huwa nakuwa mkali, nakiri. Mtu akileta picha ya rafiki yake aliyepaushwa mpaka kafanana na chaki, namuuliza, huyu ni nani? Jirani ananiambia nipunguze. Anasema wateja wenyewe wanaomba weupe, na yeye ana njaa. Hatujakubaliana.

Nimewahi kuwasimulia habari za Seydou Keïta wa Bamako kule Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Alipigia uani kwa mwanga wa jua, shuka la kitandani likiwa pazia la nyuma, na kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Moja! Kwa hiyo kazi yote aliimaliza kabla ya kubonyeza: mkono ukae wapi, bega ligeuke vipi. Sisi tunabonyeza mia tatu tukitumaini mojawapo itakuwa na macho. Binti wa mchele, ambaye siku hizi ndiye mkali wetu kuliko wote, alisikia habari hiyo akajiwekea sheria ya picha tano kwa mtu mmoja. Mimi sheria hiyo imenishinda.

Ombi ambalo nimekuwa nikiwapa wote, na wengi hawalifuati, ni waniletee picha kabla ya kuiposti. Laiki ni alama za Butler. Picha ikishapata laiki mia mbili, niseme nini mimi? Mwenye picha anatazama ile namba, ananitazama mimi, anaona nina wivu. Ndugu na marafiki wanalaiki mtu, hawalaiki mwanga. Wala siwalaumu, hata mimi hulaiki hivyohivyo.

Na kuna siku sina la kusema. Zamani ningetafuta kosa ili nionekane nina jicho. Sasa nanyamaza kidogo, halafu nasema kilichofanya picha isimame, kwa jina lake: mwanga wa dirishani upande wa kushoto, kidevu kilichoshuka kidogo. Nikimwambia "kali" ataondoka na furaha bila kujua arudie nini kesho. Hii ilikuwa ngumu kwangu kuliko kukosoa, na kwenye mazoezi ya kufundisha ya mwaka huu nimeiona ngumu vilevile. Kwenye daftari la mtoto aliyepata yote, unaandika nini? Niliandika "Vizuri" mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Madaftari yalikuwa themanini na saa ilikuwa inakimbia.

Mahafali ya mwaka huu Jirani alikuwa na kazi nne. Nilimkuta saa saba ileile, lakini barazani upande wa nyuma wa jengo, kundi zima la ukoo amelitoa juani huku wajomba wakilalamika kwamba bango halionekani. Alikuwa akimpiga bibi harusi wa mahafali, kama tunavyowaita, na mama yake. Alinipa kamera nitazame, bila kuuliza kama ni kali. Nikazumu. Macho ya mama yalikuwepo, yote mawili, yana maji kidogo.

"Ulitaka nini?" nikamuuliza.

"Waonekane wameshikana."

"Mkono wa mama umekatwa hapa kwenye kiganja."

Akaitazama. Akarudi nyuma hatua moja, akainua kamera. "Mama, samahani sana, naomba moja ya mwisho. Mshike binti yako vilevile."