Kabla Hujamjibu

Tabora, 2 Mei

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho usiku, taa nimezima. Namshukuru Mungu umetoka salama. Nimeona nikujibu kwa karatasi, maana mambo ya uchumba hayajibiwi kwa simu, na ungemwambia nani kama si shangazi yako?

Yote uliyonieleza nayaamini. Ule udongo mweusi wa mbuga ya Chada naujua: kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, mvua ikinyesha unalishika gari hadi tumboni. Naamini viboko walitoka mtoni usiku wakaja kula karibu na mlango wa gari lenu lililokwama, nanyi mmezima taa ili betri isife, mkisikiliza midomo yao ikinyofoa nyasi. Naamini pia kwamba simba waliponguruma, huyo anayetaka kukuposa akakushika mkono, na moyo wako ukapiga kama haujawahi kupiga. “Shangazi, nilijua palepale,” umesema.

Hapo ndipo ninapokuomba usimame kidogo. Moyo hupiga kwa mapenzi, hupiga kwa hofu, na kifuani mapigo ni yaleyale. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walichapisha utafiti walioufanya Capilano, Kanada, penye daraja linaloning'inia mita 70 hivi juu ya mto. Wanaume waliovuka walisimamishwa na msichana, akawauliza maswali, akawapa namba yake ya simu. Waliotoka kwenye daraja lile la kuyumba walimpigia wengi kuliko waliovuka daraja la chini, imara. Maswali yalikuwa yaleyale; kilichobadilika ni daraja.

Utafiti huo niliufundisha chuo cha ualimu miaka mingi, na sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwa nini sauti yangu hubadilika nikifika hapo. Wewe nakwambia. Mwaka 1986 mimi na mwalimu mwenzangu tulikuwa tunapeleka mitihani, lori likazama karibu na mto Ugalla. Tulilala pale siku mbili. Tulibaki na andazi moja. Alilikata kwa uzi wa fulana yake, akanipa kipande kikubwa. Niliporudi Tabora nilikuwa nimekwisha kuolewa moyoni. Posa ikaja, mahari ikapokelewa.

Hakuwa mtu mbaya. Ila hadithi yetu ilikuwa moja. Watu wakiwepo tunaisimulia kwa kupokezana. Wakiondoka kila mtu anatazama upande wake. Nilipolazwa kwa malaria alikuja siku ya kwanza tu, akasema wodi zinamchosha. Mahari ilirudishwa, na babu yako alibeba aibu ile kimya mpaka anakufa. Inaniuma hadi leo.

Sasa kuna jambo kwenye ujumbe wako umelipita mbio, na mimi limenikaa rohoni. Askari wa hifadhi aliwaambia msikatize Chada, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wewe ukasema mrudi. Yeye, mkuu wa msafara, akasema njia anaijua. Baadaye akavua koti akakufunika, akakuachia maji ya mwisho, ukalia. Koti ni wema, sikatai. Lakini aliyekufunika ndiye aliyekupeleka kwenye baridi hiyo, na katika dakika zote saba za ujumbe wako sikusikia mahali alipokwambia, “Nisamehe, ulisema kweli.” Labda alisema, ukasahau kunieleza. Kama hakusema, muulize uamuzi ule ulikuwa wa nani. Muulize mchana, mmeshiba, kisha msikilize mpaka amalize.

Tena ndiye anayeandika taarifa ya kazi yako, na mkataba wako unaisha Juni. Hilo halinipi usingizi. Ukubali au ukatae, karatasi ile iko mezani kwake. Kabla hujamjibu chochote, omba taarifa yako iandikwe na mkuu mwingine, na yeye mwenyewe ajue umeomba. Akikasirika, nipigie siku hiyohiyo.

Sikwambii umkatae. Huenda ndiye. Nakuomba barua ya posa isifike kwa baba yako mwezi huu, hata kama ameshainunulia bahasha. Baba yako akishaipokea, mambo yatakuwa ya ukoo, na wewe utakuwa huna tena nafasi ya kufikiri peke yako.

Mkipata likizo, njooni wote wawili Tabora. Msije na gari la kazi. Pandeni treni ya Mpanda, daraja la kawaida, pamoja na magunia na watoto wanaolia. Pale Kaliua huwa kuna kusubiri. Ukifika, kabla sijamwandalia mgeni chai, tutakaa jikoni wawili tu, unieleze mlizungumza nini mlipokuwa mnasubiri.

Nitakuwa stesheni.

Shangazi yako