Kuni za Mama

Mwaka juzi daktari alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena. Kisha akaniambia nipunguze chumvi, nipunguze mafuta, nipunguze na mawazo. Alivitaja vyote vitatu kwa pumzi moja, utadhani mawazo nayo yanapimwa kwa kijiko. Chumvi niliipunguza siku ile ile. Mawazo niliyapakia kwenye bodaboda mpaka Mfaranyaki, nikafika nayo nyumbani, nikalala nayo.

Yalikuwa mawazo ya kawaida ya mtu wa mshahara: mkopo, ada za watoto wawili, nyumba iliyosimamia kwenye lenta, na simu inayolia saa nne usiku kwa kuwa bosi kakumbuka jambo. Ofisini meza yangu inatazama ukuta wa tofali. Baadaye nilikuja kusoma habari za Roger Ulrich, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1984 utafiti juu ya wagonjwa waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa mahali ambapo dirisha linatazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo, na walitumia dawa kali za maumivu mara chache, kuliko wenzao ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa tofali. Nilicheka peke yangu. Wa kwangu nimeutazama miaka kumi na moja.

Na mtu wa Songea hana kisingizio cha kukosa miti. Milima ya Matogoro ile pale, unaiona ukitoka tu nje. Ruvuma unaanzia huko, kabla haujasafiri kilometa zipatazo 800 kwenda Bahari ya Hindi, sehemu kubwa ya njia ukiwa mpaka wetu na Msumbiji. Naishi chini ya milima hiyo, na kwangu kazi yake ilikuwa kukaa nyuma kwenye picha za harusi. Basi Jumamosi moja nikaenda kutembea pembezoni mwa msitu kama mtu anayemeza kidonge. Simu mkononi, inahesabu hatua. Nilipata hatua 6,000 na ushee, pamoja na ujumbe kumi na nne wa kundi la ofisi, nikarudi nimechoka miguu na kichwa.

Aliyenisaidia ni mama mdogo. Desemba ile nilikwenda kumsalimia kijijini, upande wa Namtumbo, mvua zikiwa zimeshika vizuri.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Umekuja siku nzuri. Shika kikapu."

Mwanamume wa miaka arobaini na sita kwenda uyoga na kikapu mkononi ni kichekesho, na majirani zake walicheka bila kujificha.

Miombo ya Desemba si ile ya Septemba, wakati kabla hata tone moja halijadondoka majani mapya huchipua mekundu, mengine rangi ya shaba, mgeni akadhani msitu umeshika moto. Sasa kila kitu kilikuwa kijani na chini kumelowa. Mama mdogo alitembea polepole mno, ameinama, akifunua majani yaliyooza kwa ncha ya fimbo. Akanionyesha wa kwanza: wa njano kama kiini cha yai la kienyeji, mdogo kuliko kidole gumba, mikunjo ya chini ya kofia ikiteremka mpaka kwenye shina. "Huu unaliwa. Ukiuona mmoja usiondoke, wenzake wapo. Na usioujua, usiuguse."

Nikapiga magoti. Wenzake walikuwepo kweli. Wawili chini ya jani moja, watano wamejibanza kwenye mzizi, mmoja sisimizi kaupanda mpaka juu na anazunguka ukingo akitafuta pa kushukia. Nikamsubiri ashuke, sijui kwa nini. Nikawa nasogea kwa magoti kama mtoto anayetambaa. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limepanda, na mfuko wenye simu sikuwa nimeugusa tangu tutoke nyumbani.

Kupumzika sikupumzika, hilo nataka lieleweke. Mgongo uliniuma siku mbili, na mkopo niliukuta pale pale. Ila kwa saa zile kichwa kilikuwa na swali moja dogo lenye jibu: upo, haupo. Maswali ya mkopo hayana tabia hiyo.

"Huu haupandwi bandani?" nilimwuliza, nikikumbuka uyoga mamama unaouzwa mjini.

"Huu? Ukikata mti, nao unahama."

Wataalamu husema hilo hilo kwa maneno marefu. Nyuzi za uyoga wa aina hii huifunika mizizi ya miombo kama soksi, zikauletea mti maji na madini kutoka kwenye udongo uliochoka, na mti hulipa kwa sukari. Palipochomwa mkaa, duka limefungwa kwa wote wawili.

Tulipokaa kula masuku nikamsimulia habari za Wajapani, jinsi mwaka 1982 idara yao ya misitu ilivyobuni jina shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, ili kuwahimiza watu waende wakatulie kwenye miti.

"Kuoga bila maji?" Akatema mbegu. "Na kuni wanabeba?"

"Hawabebi."

"Basi ndiyo maana wanatulia."

Hapo alinishika. Kuna utafiti wa mwaka 2019 kutoka Uingereza, wa watu karibu 20,000, ulioona kwamba wanaokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki ndio wengi zaidi wanaojisikia wazima. Mama anayetoka na mzigo kichwani huzimaliza dakika hizo kabla ya chai ya asubuhi, na sijasikia aliyempima presha yake huko njiani.

Lakini nikamkumbuka mama yangu, aliyetulea kijijini hapo hapo. Kulikuwa na siku amekosana na baba, au barua ya ada imekuja, anachukua kamba na panga: "Naenda kuni." Na kuni zimejaa nyuma ya jiko, zimepangwa mpaka zinagusa nyasi za paa. Sisi watoto tulimwona mroho wa kuni. Alirudi jua linazama, na kifurushi cha vijiti vya kuwashia tu, anamsalimia kila anayekutana naye njiani.

"Mama mdogo, mama alikuwa anafanya nini huku?"

Alikaa kidogo.

"Siku moja nilimfuata. Nikamkuta amekaa chini ya msuku, miguu kainyoosha, kamba bado iko begani. Sikumsemesha. Nikarudi."

"Msuku upi?"

Akanyoosha fimbo upande wa pili wa njia, kwenye shamba la mahindi. Yalikuwa yamefika magotini.