Kitenzi "Kwisha" na Hesabu ya Mizani

Kila nifunguapo kurasa kuukuu za Mambo Leo, gazeti lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, sikio langu hunaswa na kitenzi kimoja: kwisha. Pale ambapo leo wengi twasema "ameshafika", waandishi wa zama zile waliandika "amekwisha kufika" au "amekwisha fika". Kitenzi kilisimama kizima, nacho bado kilibeba maana yake ya kukoma kwa jambo. Katika "ameshafika" imesalia -sha- tu.

Msomaji wa habari hapotezi kitu kikubwa. Mshairi, lakini, hana budi kuhesabu. "Amekwisha kufika" ina mizani saba, "amekwisha fika", sita, "ameshafika", tano, "keshafika", nne.

Kwa hiyo nawasihi wanaochapisha upya mashairi ya kale wasilisanifishe neno hili. Aandikaye "ameshafika" penye "amekwisha kufika" huupunguzia mshororo mizani mbili, na msomaji hudhani mtunzi hakujua kupima. Naye mtunzi hawezi tena kujitetea. Kalamu yake imekwisha kuwekwa chini.